Mwongozo kamili: Kuandika skripti ya Python inayotengeneza meshi ya bapa la turbini

Vijana wanaojifunza hesabu za mtiririko hapa Mtwara hukwama palepale. Skripti inaanza vizuri, umbo la bapa linaonekana kwenye skrini, halafu meshi, yaani wavu wa seli ndogo ambamo mtiririko hukokotolewa, inagoma. Au inatoka nzuri machoni, lakini programu ya kukokotoa mtiririko inaikataa. Mara nyingi Python haina kosa. Umbo limekatwa mahali pabaya, unene wa tabaka la kwanza umekisiwa, au mipaka miwili inayotakiwa kuwa pacha haifanani.

Jambo moja kabla hujagusa kibodi. Baadhi ya mitambo ya umeme ya hapa Mtwara ni injini za pistoni zinazotumia gesi, na turbochaja za injini za aina hiyo husukuma hewa kutoka katikati kwenda nje. Mwongozo huu ni wa mabapa ambayo hewa hupita sambamba na mhimili, kama ya turbini za gesi za Kinyerezi na Ubungo zinazolishwa gesi ya huku kusini. Ukiichukua skripti hii ukaitumia kwenye gurudumu la kompresa ya turbochaja, utapata umbo lisilo na maana. Usijaribu.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Python 3. RAM ya GB 4 inatosha kwa meshi ya pande mbili.
- Maktaba tatu: `gmsh` (ya kutengeneza meshi), `numpy` (ya hesabu) na `matplotlib` (ya kuchora). Zote ni za bure.
- SU2, programu ya bure ya kukokotoa mtiririko, kwa ajili ya kujaribu meshi mwishoni.
- Karatasi yenye namba zako: upana wa bapa kwenye mhimili, umbali kutoka bapa hadi bapa, pembe ya kuingia, pembe ya kutoka, na unene.

Hiyo karatasi usiiruke. Asiyejua namba za bapa lake huishia kubadilisha msimbo ovyo akitafuta picha inayopendeza.

Namba za mfano wetu: upana 60 mm, nafasi 48 mm, pembe ya kuingia nyuzi 45, ya kutoka nyuzi 20, unene asilimia 8 ya upana. Ni bapa la kompresa iliyo ndani ya turbini ya gesi.

## Hatua ya 1: Kufunga maktaba bila kumaliza bando

```
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install gmsh numpy matplotlib
```

Kwenye Windows mstari wa pili ni `mazingira\Scripts\activate`.

Mkiwa darasa zima, asipakue kila mtu. Mmoja apakue mara moja, wengine wachukue kwa flashi:

```
pip download gmsh numpy matplotlib -d mzigo
pip install --no-index --find-links mzigo gmsh numpy matplotlib
```

Amri ya pili ndiyo ya wanaopokea, nayo haihitaji intaneti. Sharti ni moja: kompyuta zote ziwe na mfumo endeshi mmoja na toleo moja la Python.

Tahadhari. Kwenye Ubuntu au Debian, `import gmsh` ikikataa kwa ujumbe unaotaja `libGLU.so.1`, usifute chochote. Kinachokosekana ni maktaba ya michoro ya mfumo wenyewe: `sudo apt install libglu1-mesa`.

Umefaulu ikiwa `python -c "import gmsh"` inarudi kimya.

## Hatua ya 2: Kokotoa unene wa tabaka la kwanza

Wengi huiacha hatua hii hadi mwisho, au huandika tu 0.001 wakasonga mbele. Ifanye mwanzo, kwa sababu namba hii ndiyo inayoamua kama matokeo yako ya msuguano na upotevu wa shinikizo yana maana.

Karibu na uso wa bapa kasi ya hewa hushuka hadi sifuri ndani ya unene mdogo sana. Meshi lazima iwe na seli nyembamba za kutosha kuuona mteremko huo. Kipimo chake huitwa y+, na kwa hesabu isiyokisia mtiririko wa ukutani (yaani usoni pa bapa) tunataka y+ ya karibu 1.

```python
rho, mu, V, C = 1.165, 1.87e-5, 100.0, 0.060
Re  = rho*V*C/mu
Cf  = 0.026/Re**(1/7)
tau = 0.5*Cf*rho*V**2
u   = (tau/rho)**0.5
print(Re, mu/(rho*u))
```

Msongamano wa 1.165 na mnato wa 1.87e-5 ni vya hewa ya nyuzi 30 usawa wa bahari, joto la kawaida kabisa la pwani yetu. Kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, Re (namba ya Reynolds) inatoka karibu 374,000, na unene ni kama 3.5e-6 m. Hizo ni mikromita tatu na nusu. Ulinganishe na ile 0.001 ya kukisia, yaani milimita nzima: tofauti ni karibu mara 300, na seli moja inameza mteremko wote.

Umbali huu hupimwa kutoka ukutani hadi nodi (nukta ya meshi) ya kwanza, na kwa SU2 hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukija kutumia OpenFOAM, programu nyingine ya kukokotoa mtiririko, y+ yake hupimwa hadi katikati ya seli, kwa hiyo zidisha kwa mbili.

## Hatua ya 3: Andika umbo la bapa kama kazi (function) ya namba chache

Fungua faili `bapa.py`. Vipimo vyote viwe kwa mita. Kuchanganya milimita na mita hakutoi ujumbe wa kosa. Re inakuwa kubwa au ndogo mara 1,000 na utatafuta tatizo kwingine kwa wiki nzima.

```python
import numpy as np
import gmsh

C, S, T = 0.060, 0.048, 0.08      # upana, nafasi, unene
B1, B2 = np.radians(45), np.radians(20)
H1, R, JUMLA = 3.5e-6, 1.2, 0.001 # matabaka ya ukutani

def katikati(x):
    m1, m2 = np.tan(B1), np.tan(B2)
    xi = np.clip(x, 0, C)
    y = m1*xi + (m2 - m1)*xi**2/(2*C)
    return y + m1*np.minimum(x, 0) + m2*np.maximum(x - C, 0)

def bapa(n=81):
    x = C*(1 - np.cos(np.linspace(0, np.pi, n)))/2
    k = x/C
    h = 5*T*C*(0.2969*np.sqrt(k) - 0.1260*k - 0.3516*k**2
               + 0.2843*k**3 - 0.1036*k**4)
    a = np.arctan(np.tan(B1) + (np.tan(B2) - np.tan(B1))*k)
    y = katikati(x)
    juu = np.c_[x - h*np.sin(a), y + h*np.cos(a)]
    chini = np.c_[x + h*np.sin(a), y - h*np.cos(a)]
    return np.vstack([juu[::-1], chini[1:-1]])
```

`katikati` ni mstari unaopita ndani ya bapa. Mteremko wake unabadilika polepole kutoka pembe ya kuingia hadi ya kutoka, na nje ya bapa unaendelea moja kwa moja. Tutautumia tena kwenye mipaka, ndiyo maana umeandikwa peke yake.

Fomula ya `h` ni mgawanyo wa unene wa NACA wa tarakimu nne, fomula maarufu ya maumbo ya mabawa. Angalia namba ya mwisho: 0.1036. Vitabu vingi huandika 0.1015, ambayo huacha mkia (ncha ya nyuma ya bapa) wazi kidogo. Ukiitumia bila kuziba mkia, nukta ya juu na ya chini hazikutani, na msimbo huu utaunganisha mkia vibaya. Kwa 0.1036 jumla ya namba tano inakuwa sifuri kamili mkiani, na bapa linafunga.

Ile `cos` inasogeza nukta nyingi puani (ncha ya mbele) na mkiani, penye mapindo makali.

Sasa chora kabla ya kusonga:

```python
import matplotlib.pyplot as plt
p = bapa()
plt.plot(p[:, 0], p[:, 1], ".-")
plt.axis("equal")
plt.show()
```

Umefaulu ikiwa pua ni ya mviringo, mkia umechongoka, na nukta zimesongamana ncha zote mbili. Usisahau `axis("equal")`, bila hiyo pua nzuri huonekana imebondeka, ukaanza kurekebisha kisichoharibika. Ukiridhika, toa mistari hii ya kuchora kwenye faili.

## Hatua ya 4: Peleka umbo Gmsh, na usilikate puani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kawaida ya mtu ni kuchora splaini (mkunjo laini unaopita kwenye nukta) moja ya juu na nyingine ya chini, zikutane puani. Inaonekana sawa. Lakini splaini haijui kinachoendelea upande wa pili wa ncha yake, hivyo hapo zinapokutana panabaki kona ndogo. Jicho haliioni, mtiririko unaiona: kasi inaruka ghafla puani, na mkwaruzo huo unabebwa na tabaka mpaka (hewa iliyopungua kasi karibu na uso) lote la mgongoni, yaani upande wa juu wa bapa.

Dawa ni kugawa bapa vipande vitatu, pua iwe kipande kimoja kinachozunguka bila kukatwa.

```python
gmsh.initialize()
gmsh.model.add("safu")
g = gmsh.model.geo

P = [g.addPoint(x, y, 0) for x, y in bapa()]
mgongo = g.addSpline(P[:71])
pua    = g.addSpline(P[70:91])
tumbo  = g.addSpline(P[90:] + [P[0]])
```

Ncha ya pua ni nukta ya 80, na kipande cha pua kinatoka ya 70 hadi ya 90. Ukibadilisha `n`, namba hizi lazima zibadilike pia. Mkia ni `P[0]`, na `tumbo` linarudi kwenye nukta hiyohiyo. Usitengeneze nukta mpya mahali palepale, maana kwa Gmsh nukta mbili zenye viwianishi sawa ni vitu viwili tofauti, na kitanzi kitabaki wazi.

## Hatua ya 5: Mipaka pacha

Kwenye mtambo mabapa yamepangwa duara zima, lakini sisi tunakokotoa njia moja tu ya hewa. Kwa hiyo mpaka wa juu na wa chini lazima uwe pacha: kila nodi ya chini iwe na mwenzake juu, umbali wa `S` kamili.

```python
xs = np.linspace(-C, 2*C, 61)
A = [g.addPoint(x, katikati(x) - S/2, 0) for x in xs]
B = [g.addPoint(x, katikati(x) + S/2, 0) for x in xs]
chini, juu = g.addSpline(A), g.addSpline(B)
toka  = g.addLine(A[-1], B[-1])
ingia = g.addLine(B[0], A[0])

nje   = g.addCurveLoop([chini, toka, -juu, ingia])
ndani = g.addCurveLoop([mgongo, pua, tumbo])
uso   = g.addPlaneSurface([nje, ndani])
g.synchronize()

m = gmsh.model.mesh
m.setPeriodic(1, [juu], [chini],
              [1,0,0,0, 0,1,0,S, 0,0,1,0, 0,0,0,1])
```

Mipaka inafuata `katikati` ili hewa iende sambamba nayo. Ukichora mipaka ya mstari ulionyooka kwa bapa lenye pembe kubwa, kona za njia zinabanwa na pembetatu zinakuwa mbaya.

Mpangilio wa `setPeriodic` unawachanganya wengi: kwanza anatajwa mfuasi, kisha kiongozi, na zile namba 16 zinamhamisha kiongozi kwenda kwa mfuasi. Hapa chini anaongoza, juu anafuata, kwa hiyo `S` ni chanya. Ukigeuza majina, geuza na alama.

Ukisahau `synchronize()`, Gmsh itadai mistari haipo. Ipo, ila haijahamishiwa kwenye modeli.

## Hatua ya 6: Ukubwa wa seli na matabaka ya ukutani

```python
m.setTransfiniteCurve(mgongo, 161, "Bump", 0.2)
m.setTransfiniteCurve(tumbo, 161, "Bump", 0.2)
m.setTransfiniteCurve(pua, 61)
m.setTransfiniteCurve(chini, 181)
m.setTransfiniteCurve(ingia, 41)
m.setTransfiniteCurve(toka, 41)

mkia = P[0]
f = m.field.add("BoundaryLayer")
m.field.setNumbers(f, "CurvesList", [mgongo, pua, tumbo])
m.field.setNumbers(f, "FanPointsList", [mkia])
m.field.setNumber(f, "Size", H1)
m.field.setNumber(f, "Ratio", R)
m.field.setNumber(f, "Thickness", JUMLA)
m.field.setNumber(f, "Quads", 1)
m.field.setAsBoundaryLayer(f)

def ukubwa(dim, tag, x, y, z, lc):
    if x > C:
        return min(lc, 0.0004 + 0.12*abs(y - katikati(x)))
    return lc

m.setSizeCallback(ukubwa)
m.generate(2)
```

`"Bump", 0.2` inabana seli kwenye ncha za mgongo na tumbo, ili seli ya mwisho ya mgongo na ya kwanza ya pua zikaribie kulingana. Jirani mmoja akiwa mkubwa mara nne ya mwenzake, kosa la hesabu linazaliwa hapohapo kwenye kiungo.

Matabaka ya ukutani yanalizunguka bapa kama maganda ya kitunguu, kila moja likiwa nene kuliko la ndani yake kwa asilimia 20. Kuanzia mikromita 3.5 hadi jumla ya milimita 1 unapata matabaka kama 22. La mwisho lina unene wa karibu milimita 0.2, na hilo ndilo la kuangalia: likiwa nyembamba mno kuliko pembetatu zinazofuata, ongeza `JUMLA`. Wengi hupunguza `R` hadi 1.05 wakidhani wanaboresha, kumbe kwa jumla ileile matabaka yanakuwa zaidi ya mara mbili na kompyuta inaelemewa bure. Kati ya 1.15 na 1.25 panatosha kwa kujifunzia.

`FanPointsList` ni ya mkia. Mkia umechongoka, kwa hiyo matabaka ya mgongoni na ya tumboni yanaelekea pande tofauti na kuacha pengo katikati. Feni inajaza pengo hilo.

Kazi ya `ukubwa` inabana seli nyuma ya bapa, kwenye mkondo wa hewa iliyopungua kasi. Upotevu wa shinikizo tunaoupima uko ndani ya mkondo huo. Ukiachia seli kubwa pale, mkondo unafutika kabla haujafika mpaka wa kutoka.

Tahadhari. Gmsh ikidai haijui `CurvesList` au `FanPointsList`, toleo lako ni la zamani. Sasisha kwa `pip install -U gmsh`.

## Hatua ya 7: Pima, usiamini macho

```python
for aina, jina in ((2, "pembetatu"), (3, "pembenne")):
    namba, _ = m.getElementsByType(aina)
    q = np.array(m.getElementQualities(namba, "minSICN"))
    print(jina, len(namba), q.min())
```

Kipimo hiki kinafika 1 kwa seli bora, na chini ya sifuri kwa seli iliyopinduka. Usome kwa akili. Pembetatu zote zizidi 0.3. Pembenne za ukutani zitatoa namba ndogo sana, labda 0.02, na hilo si kosa: seli yenye urefu mara 50 au 100 ya unene wake lazima ipate alama ndogo. Usizinenepeshe ili namba ipande, utakuwa umeua kazi yote ya Hatua ya 2. Kinachokatazwa kwa pembenne ni sifuri au hasi.

Ukipata hasi, karibu kila mara chanzo ni `JUMLA` kubwa kupita nafasi iliyopo tumboni au kwenye mkia. Ipunguze kwanza kabla hujagusa kingine.

Umefaulu ikiwa pembenne ni kama 8,000 hivi na zaidi, hakuna hasi, na `gmsh.fltk.run()` inakuonyesha matabaka yanayoizunguka pua bila kukatika. Vuta karibu sana. Kwa picha ya mbali mikromita hazionekani.

## Hatua ya 8: Taja mipaka na uhifadhi

```python
mipaka = {"ingia": [ingia], "toka": [toka], "juu": [juu],
          "chini": [chini], "bapa": [mgongo, pua, tumbo]}
for jina, c in mipaka.items():
    t = gmsh.model.addPhysicalGroup(1, c)
    gmsh.model.setPhysicalName(1, t, jina)
t = gmsh.model.addPhysicalGroup(2, [uso])
gmsh.model.setPhysicalName(2, t, "hewa")

gmsh.write("safu.su2")
gmsh.finalize()
```

Kundi la `hewa` ndilo husahaulika. Ukishataja kundi hata moja, Gmsh kwa kawaida huhifadhi vilivyomo ndani ya makundi tu, na unaweza kubaki na faili lenye mipaka bila hewa.

Fungua `safu.su2` kwa kihariri cha maandishi. Tafuta `NDIME= 2`, kisha `NELEM=` iliyo sawa na jumla ya pembetatu na pembenne ulizohesabu, halafu `NMARK= 5`. Kwenye faili la maelekezo la SU2, mipaka pacha huandikwa hivi:

```
MARKER_PERIODIC= ( chini, juu, 0.0,0.0,0.0, 0.0,0.0,0.0, 0.0,0.048,0.0 )
```

Hiyo 0.048 ni `S`. Ukibadilisha nafasi kwenye Python ukaiacha huku, SU2 haitapata pacha.

## Hatua ya 9: Badilisha namba moja kwa wakati

Sasa faida ya skripti inaonekana. Badilisha `B1` iwe nyuzi 50, endesha tena, na meshi mpya iko tayari bila kushika kipanya. Kila ukibadilisha kasi, rudi Hatua ya 2 ukokotoe `H1` upya. Baada ya mahesabu ya kwanza mwombe SU2 akuonyeshe y+ halisi kwenye bapa. Ikizidi 1 sana mahali popote, gawanya `H1` kwa namba hiyo na urudie.

Kabla hujamwonyesha mtu matokeo, tengeneza meshi tatu kwa kuzidisha idadi zote za nodi za `setTransfiniteCurve`, kwa mfano mara 1, mara 1.5 na mara 2.25. Ukubwa wa 0.0004 ndani ya `ukubwa` ugawanye kwa namba hizohizo. Linganisha upotevu wa shinikizo. Ya pili na ya tatu zikikubaliana kwa karibu, chukua ya pili. Zikiendelea kuachana, meshi bado inaamua jibu, na jibu hilo usimpe msimamizi wako.